Mafuta ya Ngazi Ndani ya Bastola

Bastola inaweza kukukatalia kwa njia tatu, na zote tatu vidole vyangu vilizijua kabla ya mdomo. Ya kwanza: unavuta, inasema ka, na risasi haiendi. Ya pili: risasi imekwenda lakini ganda lake halikuruka, limebanwa mlangoni na kusimama wima kama bomba la moshi. Ya tatu ndiyo mbaya: risasi mbili zinagombania tundu moja, kama mbuzi wawili mlangoni pa zizi, na hakuna anayeingia.

Kwa ile ya kwanza unapiga chini ya mpini kwa kiganja, ili kasha la risasi likae sawa, unavuta mgongo wa bastola, lile bamba la juu linaloteleza, nyuma mpaka mwisho, unauachilia. Kwa ile ya pili unafanya vilevile, ila unailaza bastola upande ili ganda lidondoke. Kwa ile ya tatu kupiga hakusaidii. Unashikilia mgongo nyuma, unalitoa kasha, unavuta mara mbili, mara tatu, mpaka tundu liwe tupu, ndipo unaanza upya. Na kwa zote, ukivuta, achilia. Usirudishe mgongo mbele polepole kwa mkono wako.

"Iko na nguvu yake," bwana yangu alikuwa akisema. "Weye ukiishika mukono, inasimama katikati ya njia. Acha iende."

Mimi ni mwanamke wa Sandoa, nimesoma mpaka darasa la tatu kwa masista, na kazi yangu maisha yote imekuwa ugali wa bukari, majani ya sombe na watoto. Bastola ilinifikia kwa sababu ya mkono wa kushoto wa bwana yangu. Tulipooana alikuwa akipakia mabehewa ya shaba. Siku moja mlango wa behewa ulishuka juu ya mkono ule, ukala kidole cha shahada na cha kati. Kampuni haikumfukuza. Ilimvika kofia na mkanda, ikamweka mlinzi kwenye ghala la baruti, na baada ya miaka michache akawa mkubwa wa walinzi wa pale. Wengine walibeba rungu. Yeye peke yake alibeba bastola, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mgongo wa bastola unavutwa kwa mkono wa kushoto, na wa kwake ulikuwa umebaki na gumba na vidole viwili vidogo. Alikuwa akiivuta kama mtu anayekamua ng'ombe aliyegoma.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani alifunga pazia. Nilitandaza nguo kuukuu juu ya meza, tukaketi, nikaifungua ile bastola, nikaifuta, nikaipaka mafuta, nikaifunga. Baadaye alianza kunitegea. Aliweka ganda tupu ndani, au risasi mbili vibaya, akanipa na kutazama saa yake ya mkononi. Nilipochelewa alicheka.

"Mama, mwizi amekwisha kufika Likasi."

Nilipowahi hakusema kitu, alivuta tu sahani yake ya bukari karibu. Kwa mtu wa Kasai wa siku zile, kunyamaza vile mbele ya mke ilikuwa sifa kubwa. Nami niliishi kwa sifa ile. Kazini mkubwa wake alikuwa akiwaonyesha wengine bastola ya bwana yangu, akisema hii ndiyo silaha iliyotunzwa. Aliporudi nyumbani aliniambia, na tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini pazia lilibaki limefungwa. Mwanamke kushika silaha ya kazi lilikuwa jambo la aibu. Hata binti yetu hakujua, mpaka akaolewa Sandoa na kutuacha wawili.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Mtaani kwetu Kapata, hapa Kolwezi, tuliiona ikifa kwa mambo madogo: taa za njia, maji ya bomba, unga wa kantini. Mashimo yalinyamaza. Asubuhi hatukusikia tena king'ora, na wanaume walioishi kwa king'ora walikaa mbele ya nyumba zao zinazofanana bila kujua waamke saa ngapi. Mafuta ya bastola, kile kichupa chenye mdomo mrefu walichotoa kila mwezi, hayakuja tena. Kichupa cha mwisho nilikipindua juu chini kwa wiki tatu, nikapata matone, kisha nikapata hewa.

Nifanyeje? Mafundi wa karakana walikuwa wameondoka na vitu vyao. Sikutaka bwana yangu aende kazini na chuma kikavu, maana chuma kikavu kinasaga. Jikoni nilikuwa na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese ya kupikia. Nikatia. Ule mwezi wa kwanza ulikuwa wa joto, na bastola ilikwenda vizuri sana, mgongo ukateleza kama samaki. Nilijiona mwerevu.

"Umepata wapi mafuta?" aliniuliza.

"Ku bafundi."

Akanusa. "Bafundi banapika sombe?"

"Nusa mikono yangu, ndiyo inanuka," nikamwambia, na akaniamini, au alichoka kuuliza.

Wakati huohuo redio zilianza maneno. Wakubwa walisema nchi imeliwa na wageni, na wageni walikuwa watu wa Kasai, ambao babu zao waliletwa na Wazungu kuchimba na kuandika. Bwana yangu alizaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwa jina tu, kinywani mwa mama yake. Vijana wakaanza kupita kati ya nyumba wakiimba kwamba bilulu, ndivyo walivyowaita, wadudu, warudi kwao. Nyumba moja ikafungwa, kisha mbili, kisha mstari mzima wa nyuma. Watu walibeba magodoro kichwani kwenda stesheni, wakakaa pale kungoja treni.

Mimi ni Mlunda, mwenyeji wa jimbo hili. Hakuna aliyeniambia niende. Hilo nalo liliniuma kwa namna yake: tulipokwenda bombani, wanawake walinisalimu mimi na kumruka yeye kama vile nilikuwa mjane.

Walikuja kwetu asubuhi ya baridi, mwezi wa sita. Asiyejua baridi ya Kolwezi asidhani ni mchezo. Majani yanakuwa meupe, na vidole vinakufa juu ya ndoo. Walikuwa thelathini, labda arobaini. Mbele yao alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, dereva wa malori makubwa ya shimoni, mtu aliyekula mezani kwetu Krismasi tatu. Alikuwa amevaa koti ambalo bwana yangu alimpa.

Bwana yangu alisimama mlangoni na suruali ya kulalia, mkanda wa kazi juu yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, upande ambao hawakuniona.

"Tata, toka," dereva akasema. "Shiye hatuna maneno na mama. Mama ni wa kwetu."

"Mi niko mu nyumba yangu."

"Nyumba ya kampuni."

"Na koti?" bwana yangu akamuuliza. "Koti ni ya kampuni?"

Watu wachache walicheka, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Mtu aliyechekwa mbele ya watu wake hawezi kurudi nyuma. Dereva akapanda ngazi ya kwanza. Jiwe likapiga ukuta. Bwana yangu akatoa bastola na kuvuta mgongo kwa vile vidole vyake vitatu, akauachilia.

Niliusikia. Niliisikia sauti ile Jumapili miaka mingi, ni chwaa-kaa, haraka, kama mtu anayefunga kabati kwa hasira. Asubuhi ile ilisema chwaa, halafu kimya. Mgongo ulitambaa mbele na kusimama kabla ya kufika, umebaki upana wa kidole. Na mimi mara moja nikajua kwa nini. Jikoni, kwenye chupa, mafuta ya ngazi yalikuwa yameganda kama nta ya mshumaa. Yalikuwa yameganda na ndani ya bastola.

Nje hawakujua. Waliona bastola tu, wakasimama. Bwana yangu alijua. Hakugeuka. Aliushusha mkono wake nyuma ya paja polepole, akanipa bastola nyuma ya mlango, kama alivyonipa mezani. Kisha akabaki na kiganja wazi nyuma yake, kinangoja.

Ile ilikuwa kazi ya kupumua mara moja. Ningeupiga mgongo kwa kiganja kutoka nyuma, ungefunga. Ungekataa, ningepiga chini, ningevuta, ningeachilia. Baridi ile isingenishinda. Nilikuwa nimelala na mikono kwapani. Nilikuwa na risasi saba. Nilitazama kwenye upenyo wa bawaba nikaona koti lile, na nyuma yake wanaume, na nyuma yao wanawake waliokuja kuona. Nikahesabu kama mtu mjinga anavyohesabu: saba, kisha mikono mitupu, kisha wao thelathini na zaidi, kisha bwana yangu chini pale mlangoni na mimi namwosha.

Nikalitoa kasha la risasi bila sauti, nikalizika ndani ya beseni la unga wa muhogo. Bastola nikaiweka chini.

"Mama," akasema kwa pumzi, bila kugeuza kichwa. "Leta."

Kiganja kile kilikuwa bado wazi. Nikatia mkono wangu ndani yake.

Aliufinya mara moja, akidhani ni chuma. Kisha akaelewa ni nini. Nilihisi mkono wake wote unalegea mpaka begani.

"Kesho saa sita," dereva akasema, "tusikukute hapa."

"Kesho saa sita," bwana yangu akajibu. Wakaondoka. Hawakuvunja kitu isipokuwa ndoo.

Alikaa juu ya kitanda. Akafungua mkanda, akaniuliza, "Ilikataa?"

"Ilikataa," nikasema.

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Aliitikia kwa kichwa. Na hapo, mimi niliyekuwa nimemwokoa, nikafanya kosa langu la pili, kubwa kuliko lile la mafuta. Bastola ilikuwa ya kampuni, ilipaswa kurudishwa ofisini. Sikuweza kuvumilia irudi na uchafu mwekundu ndani, watu waseme silaha ya bwana yangu ilikuwa kama sufuria. Jioni ile niliifungua, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikalirudisha kasha baada ya kupuliza unga. Ilikuwa nzuri kuliko siku walipompa.

Asubuhi akaipeleka. Karani wa walinzi aliipokea, akavuta mgongo, chwaa-kaa. Akavuta tena. Habari ya mlangoni ilikuwa imekwisha kumfikia, maana Kapata habari hailali.

"Tata, bastola hii ni muzima," akamwambia mbele ya walinzi wote. "Si bastola, njo weye uliogopa."

Bwana yangu alitia sahihi, akaenda stesheni na sanduku moja. Mimi aliniambia nibaki.

"Nikienda naye nyumba inakwenda," alimwambia jirani mmoja kwa sauti, ili nami nisikie. "Bibi yangu atalinda nyumba. Mambo ikitulia, narudia."

Nilitaka kwenda naye. Nilikuwa nimefunga nguo zangu. Alizifungua yeye mwenyewe, akazirudisha sandukuni moja moja, kwa mkono ule wa vidole vitatu, na sikuwa na uso wa kubishana naye.

Stesheni walikaa wiki tano. Maelfu ya watu chini ya plastiki na mashuka, moshi wa kuni mbichi, watoto wanakohoa. Kila siku nilitoka Kapata kwa miguu na bukari ndani ya kitambaa. Nilimkuta ameketi peke yake. Mwanzoni nilidhani ni huzuni. Siku ya nne nikasikia wanaume wa plastiki ya jirani, watu wa kwao, waliopoteza nyumba kama yeye.

"Chef, tukopeshe bastola yako, tuue panya."

"Wacha, itamuogopesha."

"Kama angepiga moja tu juu, moja tu, bale bangekimbia mpaka Musumba."

Walicheka kwa njaa, bila ubaya mwingi. Walihitaji mtu wa kulaumu aliye karibu, na karani alikuwa amewapa. Bwana yangu alitazama bukari yake. Hakuwaambia kwamba ilikwama. Nani angemwamini, karani ameivuta mbele ya watu? Wala hakuwaambia kwamba aliipeleka bastola kwa mwanamke nyuma ya mlango. Na mimi niliyejua yote nilisimama pale na kitambaa tupu mkononi. Ningeweza kusema maneno matatu wakanyamaza. Nilirudi nyumbani.

Nilirudi hivyo wiki nne. Njiani nilikuwa nikisema na nafsi yangu kwa sauti, mpaka watu wakaniachia njia. Nilijiambia: ukisema ni wewe uliyekataa, atajua alikuwa na mke aliyemwacha na mkono mtupu. Ukinyamaza, ataondoka akiwa mwoga machoni pa watu atakaoishi nao huko. Nyumbani nilikula mezani peke yangu. Nilianza kupika sufuria ndogo. Usiku nililala upande wangu wa kitanda na kuuacha wa kwake ukiwa na baridi.

Treni ilipofika, mabehewa ya mizigo matupu, watu waliingia kama maji. Nilimkuta ameshapanda, ameketi kwenye ukingo wa mlango, miguu nje. Nikashika goti lake.

"Haikukataa," nikamwambia. "Ilikwama, nilitia mafuta ya ngazi, nilikudanganya. Lakini ningeifungua. Mi njo nilikataa."

Aliivua kofia, akaivaa tena.

"Kasha uliweka wapi?"

"Mu unga."

Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwahi kunipiga. Akatazama kulia na kushoto. Wale wa plastiki walikuwa nyuma yake wakipanga masanduku.

"Ngoja niwaambie," nikasema. "Sasa hivi, bote basikie. Niwaambie ni mimi."

"Hapana." Aliinama mpaka kofia yake ikanigusa. "Usibaambie. Baseme niliogopa. Nikisema bibi yangu njo alikuwa anafungua bastola yangu, nitafika kule mwanaume gani?"

Sikujua nicheke au nilie. Behewa likashtuka. Aliivuta miguu ndani. Nilikuwa bado naongea, namwambia chumvi iko ndani ya soksi, nguo nzito iko juu, na yeye anaitikia, anaitikia, mpaka sikuona tena kichwa kipi ni chake.

Barua ilikuja moja, ya maneno machache, kwamba amefika, ana homa, nilinde nyumba. Niliilinda. Walikuja kuitaka mara nne, na mara nne nilisimama kwenye ngazi na mwiko. Dereva wa mlango wa tatu alinisalimu kila asubuhi kama zamani. Nilimwitikia, maana hakukuwa na mwingine wa kunisalimu mstari mzima. Binti yangu aliniita Sandoa, nikaenda kuona wajukuu, nikarudi. Nina wajukuu tisa, na nasema bila haya, ni wazuri na wana akili kuliko watoto wote wa mtaa wao. Mmoja anasoma ufundi na mikono yake ni yangu. Lakini wako mbali. Nyumba hii ina vyumba vitatu, na mimi natumia kimoja.

Miaka mingi baadaye, njia zilipotulia, mfanyabiashara wa Kasai alikuja na nguo za kuuza. Aliniuliza kama ni mimi mama wa nyumba ile, akasema ana salamu kutoka kwa mzee wa vidole vitatu. Nilimkalisha, nikampa bukari na sombe. Alikuwa mtu wa kusema sana.

"Ule muzee anatuchekesha, mama. Kila mara bakianza hadithi za Kolwezi, yeye anasema: mi nilikuwa na bibi kule, fundi wa bastola kuliko baaskari bote. Anasema unafungua na kufunga mbele ya pumzi kuisha. Ni kweli?"

"Anasema nini tena?"

"Anasema siku bale banakuya, weye uliamua hakuna mutu atakufa. Anasema vile na anatuonyesha mukono." Akaunyosha wake nyuma yake, kiganja wazi, anacheka na mdomo umejaa.

Nilifuta meza, ingawa ilikuwa safi.

"Anasema mbele ya batu?" nikamuuliza.

"Mbele ya batu bote, mama. Hata mbele ya bibi yake wa kule Kasai."

Alipoona uso wangu aliacha kutafuna. Nikamwongezea bukari, nikamwambia ale, maana alikuwa ametoka mbali.